Barabara izungukayo Mlima Kenya yazungumza na nani?

Kila ifikapo likizo ya Agosti, na zaidi ile ya Desemba, barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Nyeri na Nanyuki hufurika magari madogo yaliyosheheni watoto, mablanketi, chupa za chai na vichane vya ndizi. Wanaosafiri humo si watalii kutoka ng'ambo. Ni walimu, makarani, wauguzi na wenye maduka, Wakenya wa kipato cha wastani, ambao wameweka akiba ya miezi kadhaa ili watoto wao wauone mlima kwa karibu badala ya kuuona katika kitabu cha jiografia tu.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mtu aliyekwenda Nyeri alikwenda kwao. Alibeba mkate, sukari na majani ya chai kwa wazazi, akalala siku mbili, akarudi mjini Jumapili jioni na gunia la viazi. Kuzuru mlima, kulala hotelini na kupiga picha ilikuwa shughuli ya Mzungu, na Mwafrika aliyeonekana huko alikuwa ama mpishi, ama dereva, ama mpagazi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, wenye hoteli walijikuta hawana mgeni ila jirani yao, wakaanza kumbembeleza kwa bei nafuu. Mwishoni mwa mwaka huo huo treni ya abiria ilirejea Nanyuki. Kisha ikaja barabara pana ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika imeikopesha serikali sehemu ya gharama yake. Njia ipo, na hamu ipo. Ninalouliza katika makala haya ni jambo lisilomo katika hesabu za Wizara ya Utalii: Mkenya huyu akifika huko na watoto wake, nchi humsemesha kwa lugha gani?

Nauliza kwa sababu nimeizunguka barabara hiyo pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri. Mama yao ni Mbukusu wa Bungoma. Nyumbani tuliafikiana tangu mwanzo kwamba lugha ya mezani ni Kiswahili, Kikuyu watakipata kwa nyanya yao wa Mukurweini na Kibukusu kwa nyanya yao wa Bungoma, nacho Kiingereza hakihitaji msaada wetu, maana kitawafikia hata tukifunga milango na madirisha. Safari ilituchukua siku tano: Nairobi hadi Nyeri, Nyeri hadi Nanyuki, kisha Timau, Meru, Chuka na Embu, na kurudi kwa njia ya Mwea. Yeyote aliyesafiri na watoto wa umri huo anajua kwamba mwendo haupimwi kwa kilomita bali kwa vituo vya kujisaidia, kwa matapishi, na kwa swali la "Bado hatujafika?" ambalo huanza kuulizwa kabla ya kuvuka Thika. Dawa ya swali hilo ni vibao vya barabarani. Mpe mtoto kibao akisome, naye atasahau tumbo lake kwa kilomita kumi.

Lakini vibao vyenyewe ni vichoyo. Chukua Sagana. Kwa abiria wengi Sagana ni samaki wa kukaanga na mahali pa kunyoosha miguu. Mto upitao hapo ndio ule ule ambao ukishateremka nyikani huitwa Tana, na kwa wenyeji jina lake ni Thagana. Mchora ramani aliandika s mahali pa th, na kibao kikamfuata mchora ramani. Mtoto anayesoma Sagana hana njia ya kujua kwamba nyanya yake akisema Thagana anautaja mto huo huo.

Jina la nchi nzima lina historia kama hiyo. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui katika himaya ya mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuona mlima huu kwa mbali na kuandika jina alilolisikia kwa Wakamba. Wakamba huuita Kiinyaa, Waembu Kirinyaa, Wakikuyu Kirinyaga. Na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba nyaa, au nyaga, ni mbuni, kwa vile mwamba mweusi na theluji nyeupe vilifanana na manyoya ya mbuni dume. Kwa hiyo Mluo, Mgiriama na Mmaasai, kila wanaposema kuwa wao ni Wakenya, wanatamka neno la Kikamba lililopitia sikio la Mjerumani. Na vilele je? Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye 5,188 na Lenana wenye 4,985 vilipewa majina hayo na Mwingereza Halford Mackinder, aliyekuwa wa kwanza kufika Batian mwaka 1899, na majina ni ya malaibon wa Kimaasai. Mlima mmoja, lugha nne au tano, na kila moja imeacha alama yake. Nilimweleza hayo binti yangu tulipokuwa tumesimama kando ya barabara tukingoja mawingu yapishe. Akauliza kama Mackinder alimwomba Lenana ruhusa. Nikamwambia kwamba Lenana alikuwa hai wakati huo, mambo ya ruhusa ni mengine.

Karatina ni mji wa soko, na sifa hiyo unastahili. Hata hivyo, mwalimu apitaye hapo na wanafunzi wake angepaswa kusema jambo jingine: katika mji huu Gakaara wa Wanjau aliendesha mtambo wake wa kuchapa vitabu vya Kikuyu na jarida lake la Gikuyu na Mumbi. Alitiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, akaandika humo shajara, na shajara hiyo ilipochapishwa kwa Kikuyu ikamletea Tuzo ya Noma mwaka 1984, tuzo iliyokuwa na hadhi kubwa kabisa kwa vitabu vilivyochapishwa barani Afrika. Alifariki mwaka 2001. Mtu mmoja, katika mji wa soko la viazi na vitunguu, alionyesha kwamba lugha ya nyumbani inaweza kuandikwa, kuchapwa, kuuzwa na kutuzwa. Sijui funzo gani la likizo lingemfaa zaidi mtoto wa shule.

Kutoka hapo hadi Nyeri na viunga vyake tuliwapa watoto mchezo. Mmoja ahesabu majina yanayoanza kwa Ka na Ki, mwingine yanayoanza kwa Ga na Gi. Yakaja Karatina, Kiganjo, Kagumo, Kamakwa. Upande wa pili yakaja Gatitu, Gachatha, Gikondi. Mkubwa akataka kujua kwa nini hawa wamegawanyika. Hapo niliona raha ya kazi yangu, kwa kuwa swali hilo huwasumbua hata wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Kiambishi ni kile kile, ka cha udogo na ki mfano wa kile cha Kiswahili. Kikifuatwa na sauti kama t, k au ch, k yake hulainika ikawa g. Ndiyo sababu sisi tunasema Kikuyu lakini wenyewe husema Gikuyu. Wanaisimu huiita kanuni hiyo Sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari wa Kijerumani aliyeitambua katika Kinyamwezi, huko Tanzania. Mtoto wa miaka saba hahitaji jina la Dahl. Anahitaji kuambiwa kwamba Kagumo, ambako walimu wengi wanaosoma ukurasa huu walipata mafunzo yao, ni mugumo mdogo, na kwamba Gatitu iliyo jirani yake ni msitu mdogo, kwani msitu kwa Kikuyu ni mutitu. Leo Gatitu ni njia panda ya matatu na vibanda. Jina linakumbuka miti ambayo macho hayaioni tena.

Hii si habari ya mapambo. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, upande wa Tetu, tarehe 1 Aprili 1940, na katika kumbukumbu zake alizotoa mwaka 2006 alieleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo karibu na kwao, na jinsi mti huo ulipokatwa chemchemi iliyokuwa hapo nayo ikakauka. Elimu ya mazingira ilikuwa imefungwa ndani ya lugha na miiko yake. Aliipeleka hadi kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, lakini aliipata kwanza kwa Kikuyu, akiwa na umri wa hawa tulionao kwenye viti vya nyuma vya magari yetu wakitazama katuni kwenye simu.

Mji wa Nyeri wenyewe husimuliwa kwa watalii kwa namna ya ajabu. Hadithi inayoongoza ni ile ya Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alipolala katika hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti mwaka 1932, na baba yake akafariki huko Sandringham, akapanda mtini binti wa mfalme akashuka malkia. Ni hadithi nzuri, siikatai. Lakini mwaka 1954 wapiganaji wa msituni waliichoma hoteli hiyo, na tarehe 21 Oktoba 1956, katika eneo la Tetu, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa, akahukumiwa hapa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mtoto wa Kenya anayeondoka Nyeri akiwa na malkia kichwani bila Kimathi amezungushwa mji wa watu wengine.

Kwa haki niseme kwamba kipo kituo kimoja ambapo watoto wangu hawakuhitaji mkalimani. Ni kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya maskauti ya kumaanisha "nimekwenda nyumbani". Mdogo wetu, ambaye hajui kusoma, aliielewa mara tu alipoelezwa, akaichora mavumbini kwa kijiti kila tuliposimama hadi Embu.

Sasa twende Nanyuki. Jina lenyewe ni la Kimaasai, lenye maana ya kitu chekundu, na wale Wamaasai walioupa mto jina hilo walihamishwa Laikipia na serikali ya kikoloni mwaka 1911 hadi 1913. Jina lilibaki, wenyewe wakaondolewa. Hapo pana kibao maarufu cha Ikweta, kwa Kiingereza, na vijana wenye karai lenye tundu, jagi la maji na kijiti. Hukuonyesha kwamba hatua ishirini kaskazini ya mstari maji huzunguka upande huu, na hatua ishirini kusini huzunguka upande ule. Walimu wa sayansi wanisaidie kulisema hili kwa sauti: si kweli. Nguvu ya mzunguko wa dunia huvuta pepo na mikondo ya bahari, lakini katika karai, na tena karibu hivyo na Ikweta ambapo nguvu hiyo hufifia kabisa, kinachoamua ni mkono wa mwenye kumimina. Sikumharibia kijana riziki yake mbele ya wageni. Kilichonivutia kilikuwa kingine. Tulimsalimu kwa Kiswahili, akatujibu kwa Kiingereza, akaendelea kwa Kiingereza alichokikariri hadi mwisho, huku watoto wakimtazama midomo. Binti yangu akamwuliza, "Sasa kaka, ukisimama katikati kabisa?" Hapo kijana akacheka, akaliacha lile shairi lake, akaeleza upya kwa Kiswahili, kwa mikono, kwa mifano ya kikombe na bomba la kuogea, na kwa muda wa dakika tano akawa mwalimu hodari. Fizikia yake ilikuwa ile ile mbovu, lakini alikuwa anazungumza na mtu.

Yule kijana hana lawama. Amefundishwa na biashara kwamba anayekuja hapo na pesa ni mgeni, na mgeni husemeshwa kwa Kiingereza. Katika hoteli moja ya mji huo, ambayo sitaitaja, orodha ya vyakula iliyoletwa kwa watoto ilikuwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mkenya analipa sawa na mgeni, anakaa kiti cha mgeni, na anazungumzwa kama mgeni, isipokuwa anapokwenda sokoni. Soko la Nanyuki ni jambo jingine kabisa: Mkikuyu, Mmeru, Mmaasai, Msamburu, Mturkana na Msomali wananunua na kuuza, na Kiswahili ndicho kinachobeba mizigo yote bila kulalamika.

Jirani na Nanyuki, katika hifadhi ya Ol Pejeta, wapo vifaru wawili ambao watoto wetu walikuwa wakiwangojea tangu Nairobi. Ni Najin na binti yake Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018, na kifo chake kilitangazwa kote ulimwenguni. Hawa wawili hulindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana. Wanasayansi wa nchi kadhaa wanahangaika na mayai na mbegu zilizogandishwa ili kizazi kisikatike. Wanastahili juhudi zote hizo, nami sina kijicho na kifaru.

Lakini ukiendelea kaskazini kutoka Nanyuki kuelekea Dol Dol utafika penye msitu wa Mukogodo, na humo pana jambo ambalo dunia haikulitangaza. Wenyeji wa msitu huo ni Wayaaku, waliokuwa wawindaji na warina asali, wakizungumza lugha ya jamii ya Kikushi isiyofanana hata kidogo na lugha za majirani zao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walianza kufuga na kuoana na jirani zao wa Kimaasai. Mahari iliyokuwa ikilipwa kwa mizinga ya nyuki ikawa ya kulipwa kwa ng'ombe, na lugha ya ng'ombe ilikuwa Kimaasai. Mzazi mwenye mizinga alionekana maskini. Mtoto aliyejua Kiyaaku tu alionekana hana soko. Hakuna aliyewakataza kwa sheria. Hakuna aliyewachapa. Wazazi wenyewe, kwa kuwatakia watoto wao mema, waliacha kuwasemesha kwa lugha yao. Mwanaisimu Bernd Heine alipoiandikia lugha hiyo miaka ya 1970, waliokuwa wakiijua sawasawa walikuwa wazee, na leo walio na kumbukumbu yake wanahesabika kwa vidole. Vijana wa jamii hiyo wamejitahidi katika miaka ya karibuni kuokota maneno kutoka kwa wazee hao. Najin na Fatu wanajulikana kwa majina London na Tokyo. Wazee wa Mukogodo hawajulikani hata Nyeri.

Nawaomba walimu waitafakari hesabu hiyo. Vizazi vitatu vilitosha: babu anayesema, mzazi anayeelewa lakini hajibu, mjukuu asiyejua kuna nini cha kuelewa. Sasa wazieni magari yale ya Desemba. Babu yuko Othaya au Nkubu au Runyenjes. Mzazi, mwenye shahada, anaelewa kila neno la babu na kumjibu kwa Kiswahili kilichochanganywa. Watoto wanamsalimu babu kwa Kiingereza. Wenye lugha hizi ni mamilioni, wala sisemi kwamba Kikuyu au Kimeru kitakufa kesho. Nasema kwamba ngazi ni ile ile, na miguu ya jamaa nyingi za mjini iko kwenye kipawa cha pili.

Tulipoupita Timau na kuiacha njia ya Isiolo, tukaingia Meru. Hapo mchezo wa vibao ukageuka kuwa mchezo wa maji. Katika kila mji tuliposimama watoto walimwomba mama wa kibandani maji kwa lugha ya hapo. Kwa nyanya yao Mukurweini walikuwa wamesema maaĩ. (Alama ile juu ya irabu si urembo. Kikuyu kina irabu saba, na anayeandika neno hilo ovyo ataomba kitu kisichotajwa mezani.) Meru wakafunzwa kusema rũũjĩ. Binti yangu akashtuka, kwa kuwa alijua rũũĩ kwa Kikuyu ni mto. Naam, ni neno moja, limehamia kutoka mtoni hadi kwenye kikombe. Embu wakaambiwa manjĩ, na hapo hata mdogo akasema, "Kama maji yetu!" Mama yule wa Embu alicheka hadi akawaongeza maandazi mawili, bure. Mtoto aliyeuzunguka mlima kwa maneno hayo matatu amejua jambo ambalo mtaala wetu haumfundishi mahali popote: kwamba lugha za mlima huu ni mnyororo, kila pete imeshikana na jirani yake, na Kiswahili chenyewe ni ndugu wa mbali anayefanana nao usoni.

Linganisheni hayo na yale tunayoyasikia jukwaani. Tangu Oktoba 2024, Seneti ilipomwondoa Rigathi Gachagua, mzaliwa wa Mathira, katika kiti cha Naibu wa Rais, na Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi akaapishwa tarehe 1 Novemba, wanasiasa wameukata mlima vipande viwili, Mashariki na Magharibi, na kuwagombania wakazi wake kama mbuzi wa mnada. Mmoja hudai mlima ni nyumba moja yenye msemaji mmoja. Mwingine hudai ni nyumba mbili zenye uhasama wa tangu zamani. Aliyesikiliza jinsi watu wanavyosema kuanzia Karatina hadi Chuka hawezi kukubaliana na yeyote kati yao. Hakuna mahali ambapo lugha moja inakoma kwa ukuta na nyingine kuanza, na hakuna pia mahali ambapo zote ni moja.

Juu ya daraja la Mto Nithi tulinyamaza. Mnamo Julai 2022 basi liliacha barabara hapo na kutumbukia bondeni, zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, na haikuwa mara ya kwanza kwa daraja hilo kuua. Mzazi anayeendesha gari na watoto katika mteremko ule apunguze mwendo mapema, ashike gia ndogo, na asiwe na haya ya kupitwa.

Wapo watakaoniambia kwamba mambo haya ya lugha za nyumbani ni ukabila uliovishwa joho la chuo kikuu. Ninaielewa hofu yao. Mwaka 2007 na 2008 tuliona jinsi lugha zinavyoweza kutumiwa kuitana majina na kubaguana, na baadhi ya vituo vya redio vilishutumiwa kwa kuchochea. Lakini waliochochea hawakuwa watoto waliofundishwa maneno matatu ya maji. Mwenye chuki ni yule anayeijua lugha yake tu na kuziona nyingine kuwa kelele. Wengine watasema kwamba mtoto anahitaji Kiingereza ili apate kazi. Atakipata. Utafiti wa miaka mingi katika elimu ya lugha umeonyesha kwamba mtoto anayeanza kusoma kwa lugha anayoielewa husoma lugha ya pili kwa urahisi zaidi, na hili kamati ya Gachathi ililizingatia mwaka 1976 ilipopendekeza lugha ya eneo itumiwe kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza ya shule. Mfumo wa mtaala wa umilisi wa mwaka 2017 ulirudia maneno hayo hayo kuhusu watoto wa chekechea hadi Gredi ya Tatu. Imepita karibu nusu karne. Ingieni katika shule ya chekechea ya kulipia, Nyeri mjini au Meru mjini, msikilize.

Katiba ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili. Jedwali la Nne nalo limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea, utalii wa ndani ya kaunti, shughuli za kitamaduni na barabara za kaunti. Yote manne yamo katika mkono mmoja! Safari yetu ilipita katika kaunti nane: Kiambu, Murang'a, Kirinyaga, Nyeri, Laikipia, Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Kila moja ina afisa wa utalii, afisa wa utamaduni na afisa wa chekechea, na ningependa kujua kama watatu hao wamewahi kukaa meza moja. Kazi ninayoiona ni ndogo. Penye daraja la Sagana, chini ya jina la ramani, liandikwe Thagana. Pale Gatitu iandikwe kwa Kiswahili kwamba hapa palikuwa na msitu mdogo. Njia panda ya kwenda Dol Dol iwe na ubao unaowataja Wayaaku, na maneno machache ya lugha yao yaliyohakikishwa na wazee wenyewe. Waongoza watalii walipwe kidogo zaidi wakiweza kueleza kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo, kama wanavyolipwa zaidi wakijua Kijerumani.

Fedha za kazi hiyo hupangwa hadharani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 huzitaka kaunti ziwasilishe makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikizwa kabla hayajapitishwa. Mwalimu wa Naro Moru au Kerugoya aliye na orodha ya mito, vilima na masoko kumi ya kwao, iliyokusanywa na wanafunzi wake kutoka kwa babu na nyanya zao wakati wa likizo, pamoja na maana za majina hayo, anaweza kuipeleka kwenye kikao hicho akiwa na wanafunzi wawili au watatu wa kuisoma kwa sauti.